Shangazi, mji ninaoujenga umenizidi nguvu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mhasibu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na ninaishi Kimara. Ninakuandikia juu ya jambo ambalo nimesita kulisema mbele ya wenzangu kwa sababu linahusu mchezo wa kompyuta, lakini limeanza kuniondolea raha na hata usingizi, na nimeona katika safu hii kwamba si kawaida yako kudharau shida ya mtu.

Mapema mwaka huu mdogo wangu anayesoma chuo aliniwekea kwenye kompyuta mpakato yangu mchezo wa kujenga miji unaoitwa Cities: Skylines. Sikuwahi kuwa mtu wa michezo ya namna hiyo, lakini huu ulinivuta tangu jioni ya kwanza. Unapewa kipande cha ardhi na mto, barabara kuu inapita kando, na fedha za kuanzia ni 70,000. Kisha unachora barabara, unatenga maeneo ya makazi, biashara na viwanda, unavuta umeme na maji, na watu wanahamia wenyewe. Nilipoona familia za kwanza zikiingia na magari yao, nilifurahi kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa nyumba yake.

Sasa nina miji minne, na yote imenishinda. Katika wa kwanza wakazi waliugua karibu wote bila mimi kujua sababu. Wa pili uliishiwa fedha. Wa tatu niliujenga kwa kuigiza video za wataalamu, nikapotea katikati. Wa nne ndio ulionivunja moyo, kwa sababu nilikuwa mwangalifu kuliko kawaida yangu. Niliweka akiba mpaka fedha zikafika 300,000, kisha nikatenga eneo kubwa la makazi kwa mkupuo mmoja. Mji ukakua hadi wakazi 14,000, na kwa muda mrefu kila kitu kilikwenda vizuri. Halafu ghafla, ndani ya kipindi kifupi, alama za marehemu wasiochukuliwa zikatokea juu ya karibu kila nyumba. Nikajenga makaburi mawili, kisha manne, kisha manane. Takataka zikaanza kurundikana, nikaongeza madampo. Maduka yakalalamika kwamba hayana bidhaa, viwanda vikalalamika kwamba havina malighafi, na nyumba zikateketea wakati kituo cha zimamoto kiko mtaa wa pili. Nilipanua barabara ya kuingilia mjini hadi njia sita, lakini magari yakajipanga yote kwenye njia moja na nyingine tano zikabaki tupu. Mwishowe nikabomoa nyumba zote zilizohamwa na kutenga eneo lote upya. Hali ikatulia, nikashukuru Mungu, na baada ya muda vifo vikarudi vilevile. Fedha nazo sasa zinapungua kila wiki.

Shangazi, mimi ni mtu wa hesabu. Kazini ninafunga vitabu vya mwezi bila kukosea, lakini nikiufungua mji huu naona alama nyekundu na za njano zimejaa juu ya majumba na nahisi kama nimeshtakiwa kwa makosa mia kwa wakati mmoja. Sijui nianze na lipi. Ninashuka mwendokasi saa moja jioni, ninakula, ninafungua kompyuta nikisema nitarekebisha jambo moja tu, na saa saba usiku bado nipo hapo nikijenga na kubomoa. Mdogo wangu ana mji wa watu 90,000 unaokwenda kama saa, na akinitazama nikicheza ananyamaza, nami ule unyamavu wake ninauelewa.

Je, niache kabisa? Nianze mji wa tano? Au niwashe fedha zisizo na kikomo kama mdogo wangu anavyoniambia?

Mhasibu wa Kimara


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeyaeleza matukio kwa mfuatano wake, na mfuatano huo ndio ulioniwezesha kuona kilichotokea katika mji wako wa nne. Mimi mwenyewe nimekuwa nikiucheza mchezo huu tangu mwaka 2016, kwa hiyo sitakuambia kwamba ni mchezo tu na usiuweke moyoni. Mtu anapolipa jambo saa zake na akili yake, kushindwa kunauma, liwe la ofisini au la sebuleni.

Nitajibu maswali yako matatu kwanza, kisha nieleze kwa nini. Usiache, usianze mji wa tano, na usiwashe fedha zisizo na kikomo. Rudi kwenye mji wa nne. Ninajua kwamba huo ndio ushauri usiotaka kuusikia, kwa sababu mji mpya una ardhi safi isiyo na alama hata moja, na macho yaliyochoka yanaitamani ardhi hiyo. Lakini mji mpya utakufikisha palepale ulipofika safari hii, kwa kuwa hujajua bado ni kitu gani kilichokukwamisha, na kitu hicho kinaonekana vizuri zaidi katika mji uliokwama kuliko katika mji unaoanza.

Tuanze na vifo, maana ndivyo vilivyokutisha. Umedhani kwamba watu wamekufa kwa sababu kuna huduma uliyowanyima, na ndiyo maana ukaongeza makaburi. Sivyo. Katika mchezo huu kila mkazi ana umri wake, na wanaohamia katika eneo jipya huwa wengi wao ni vijana wanaokaribiana umri. Ulipotenga eneo kubwa kwa siku moja, uliingiza mjini rika zima kwa wakati mmoja. Rika hilo lilifanya kazi pamoja, likazeeka pamoja, na muda ulipofika likafa pamoja. Hakuna zahanati ambayo ingelizuia. Wachezaji wazoefu hulijua jambo hili na huliita wimbi la vifo, na karibu kila mmoja wao alikumbwa nalo katika mji wake wa kwanza au wa pili, akapagawa kama ulivyopagawa wewe.

Sasa tazama ulichofanya baadaye. Ulibomoa nyumba zote zilizohamwa na kulitenga eneo lote upya kwa mkupuo, ukalikaribisha rika jingine, nalo likatembea njia ileile mpaka kaburini. Ule utulivu ulioushukuru ulikuwa ujana wa rika la pili. Kwa hiyo vifo vilivyorudi havikuwa adhabu, wala havikuwa uthibitisho kwamba huna akili ya mchezo huu. Vilikuwa ni hesabu ya umri, na wewe hesabu unaiweza.

Dawa yake ni kutenga makazi kidogo kidogo. Tenga mitaa miwili au mitatu, acha miezi kadhaa ya mchezo ipite, ndipo utenge mingine, ili wazee, vijana na watoto wachanganyike. Nyumba zilizohamwa zibomoe kwa utaratibu huohuo, mtaa mmoja leo na mwingine baadaye, hata kama macho hayapendi kuona magofu yamebaki. Wimbi likikupata ukiwa katikati, liache lipite. Kwa kuwa watoto huzaliwa kwa nyakati tofauti, wimbi linalofuata kwa kawaida huwa hafifu kuliko lililotangulia.

Hata hivyo, vifo pekee visingeuangusha mji. Kilichouangusha ni kwamba marehemu hawakuweza kuchukuliwa, na hapo ndipo ninapotaka ukae nami kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu ndipo ilipo barua yako yote.

Soma tena orodha uliyoniandikia: maiti hazichukuliwi, taka hazizolewi, maduka hayana bidhaa, viwanda havina malighafi, moto hauzimwi. Umeziona kama shida tano na ukazitafutia majengo. Mimi naona shida moja iliyovaa nguo tano. Kila moja ya huduma hizo inategemea gari litoke mahali fulani na kufika mahali pengine. Mchezo huu hauhesabu huduma kwa umbali kwenye karatasi; gari la maiti ni gari kweli, linatoka kwenye uwanja wa makaburi, linasafiri barabarani, linakaa kwenye foleni kama magari mengine, na lisipofika nyumba inabaki na alama. Lori la malighafi ni hivyohivyo, na gari la zimamoto ni hivyohivyo. Barabara yako moja ya kuingilia mjini ilikuwa inabeba malori yote ya viwanda, magari ya wafanyakazi wote na wageni wote, na ilipojaa kila kitu kilisimama nyuma yake.

Ndipo ukajenga makaburi manane. Kila moja lilitoa magari yake na kuyaingiza kwenye foleni ileile. Madampo yakaongeza malori yake. Na kila jengo la huduma lina gharama ya uendeshaji ya kila wiki, ambayo ndiyo inayokula fedha zako sasa. Kadiri ulivyoujali mji, ndivyo ulivyoongeza magari katika mahali palipokuwa hapapitiki. Ninalisema hili bila kukulaumu, kwa sababu alama inapotokea juu ya nyumba inaonyesha kinachokosekana tu, haionyeshi kwa nini kimekosekana, na mtu mwenye huruma atakimbilia kuleta kinachokosekana.

Wewe ni mhasibu. Kiasi kimoja kikiingizwa vibaya katika leja, mizania haitalingana, taarifa ya mapato itakuwa na kasoro, salio la benki litakataa, na bosi ataleta malalamiko matatu mezani kwako. Hutarekebisha kila taarifa kwa kuiongezea tarakimu mpaka ilingane. Utarudi nyuma mpaka kwenye ingizo lenyewe. Mji huu unataka kazi hiyohiyo unayoifanya kila mwisho wa mwezi, na nina hakika kwamba kilichokunyima kuifanya hapa ni woga tu, kwa sababu kazini unaamini kwamba kosa lipo mahali fulani na litapatikana, ilhali hapa umeamini kwamba kosa ni wewe.

Kuhusu njia sita na magari kujipanga kwenye njia moja, umeona jambo la kweli na linahitaji maelezo. Dereva wa mchezo huu huchagua njia yake mapema kufuatana na upande atakaokata mbele. Ikiwa malori yote mia yanakata kulia kuelekea viwandani kwenye makutano yaleyale, yote mia yatajipanga kwenye njia ya kulia, na hata ukiyapa njia kumi hayatazitumia. Upana wa barabara haukuwa shida yako. Shida ni kwamba kila mtu anageuka mahali pamoja. Unapita Ubungo kila siku, mwanangu. Kabla ya daraja la Kijazi kufunguliwa mwaka 2021, barabara ya Morogoro ilikutana na Mandela na Sam Nujoma kwenye mataa pale chini, na tuliokuwa tukikaa hapo tunajua kwamba upana wa barabara haukutusaidia lolote. Kilichotushika ni makutano yale. Mji wako una Ubungo yake, na kazi yako ya kwanza ni kujua iko wapi.

Kuitafuta si kazi ngumu. Simamisha muda, kwa sababu mchezo unakuruhusu kuchunguza na hata kujenga wakati saa imesimama, nami naamini kwamba nusu ya kulemewa kwako kumetokana na kufikiri huku saa inakimbia, pengine kwa kasi ya juu kabisa kati ya zile tatu, ili fedha ziingie haraka. Fungua ramani ya taarifa za barabarani, na usiyatazame majumba kabisa. Funika alama zote akilini. Barabara zilizo nyekundu ndizo zilizojaa. Chagua iliyo nyekundu kuliko zote, kisha fungua ramani ya njia za safari na uibonyeze barabara hiyo. Mchezo utakuchorea mistari ya kila gari linalopita hapo, kutoka lilikotoka hadi linakokwenda, na unaweza kuchuja ubaki na malori peke yake au magari binafsi peke yake. Utaona kwa macho yako ni nani anayeijaza. Nikikisia kutokana na barua yako, yatakuwa malori yanayotoka barabara kuu, yanakatiza katikati ya makazi na kuelekea viwandani.

Ikiwa ndivyo, vipe viwanda tawi lao la kutoka barabara kuu ili lori lisipite kabisa mbele ya nyumba za watu. Hilo moja, nimeona mara nyingi, huondoa alama nyingi kuliko makaburi manane. Kisha tazama mitaa yako ya makazi: kama kila kichochoro kinafunguka kwenye barabara kubwa, basi kila baada ya mita chache kuna makutano, na barabara pana zikikutana mchezo huweka mataa wenyewe, hivyo magari yanakwenda hatua mbili na kusimama. Ziba vichochoro vingi, uviunganishe kwanza na barabara ya kati, na barabara hiyo ya kati ndiyo ikutane na kubwa mahali pachache. Makutano yanayobaki na foleni, jaribu kuyawekea kipilefti badala ya mataa. Ukishaona magari yanatembea, punguza makaburi na madampo ya ziada. Makaburi hayaondoki kirahisi yakiwa na waliozikwa. Itabidi kwanza yahamishwe, na kazi hiyo nayo inataka magari, kwa hiyo ifanye mwishoni.

Kabla ya kubomoa chochote, hifadhi mji kwa jina jipya, kando na ule uliopo. Ukiharibu, unarudi ulipokuwa. Ninakutajia jambo hili dogo kwa sababu mtu anayejua kwamba anaweza kurudi nyuma hubomoa barabara bila mkono kutetemeka, na mchezo huu kwa sehemu kubwa ni kubomoa barabara.

Sasa utaelewa kwa nini nakataa fedha zisizo na kikomo, ingawa zimo ndani ya mchezo wenyewe na hakuna aibu yoyote kwa anayezitumia kujenga mji mzuri wa kutazama. Kwako wewe zingekuwa na madhara. Umezoea kuijibu kila alama kwa jengo, na kitu pekee kilichokuzuia kujenga makaburi 30 ni kwamba fedha zilikuwa zikipungua. Ukiondolewa kizuizi hicho, utaifunika foleni kwa majengo mpaka usiione tena. Salio linaloshuka lilikuwa linakuambia ukweli kuhusu makaburi yale, na ni taarifa ambayo mhasibu hapaswi kuizima.

Mji wa kwanza naweza kukueleza kwa sentensi chache, ili usibaki nao moyoni. Wakazi wanapougua wengi kwa pamoja mwanzoni mwa mji, mara nyingi pampu ya maji imewekwa upande wa chini wa mto, na bomba la majitaka upande wa juu. Mto una mkondo, na unapochukua pampu ili kuiweka utaona mishale ikionyesha maji yanakoelekea. Maji safi yachukuliwe juu, majitaka yatoke chini, mbali. Mimi nilikinywesha kijiji kizima maji machafu kwa jioni mbili kabla ya kuitazama mishale hiyo, na nakumbuka vizuri uzito wa kudhani kwamba zahanati zangu hazitoshi.

Umesema uliigiza video za wataalamu ukapotea. Kuna mambo mawili ambayo video hizo hazikuambii. La kwanza ni kwamba wengi wao wana mamia ya saa nyuma yao, na hutumia nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji wengine, ambazo zinawaruhusu kupanga kila njia na muda wa kila taa kwa mkono, vitu ambavyo havimo katika mchezo ulionao. La pili linahusu lugha. Mchezo huu ulitengenezwa Tampere, Ufini, na kampuni ya Colossal Order, ukatoka Machi 2015 kupitia Paradox Interactive ya Uswidi, na hauna Kiswahili. Wewe unasoma maelezo mamia kwa lugha ambayo huitumii nyumbani, baada ya siku nzima ya kazi, huku saa inakimbia. Uchovu huo usiuhesabu kuwa upungufu wa akili. Chukua daftari, na kila unapokutana na neno la mchezo usilolielewa vizuri, liandikie maana yake kwa Kiswahili chako. Nililifanya hilo kwa maneno ya ramani za taarifa peke yake, na baada ya wiki mbili nilikuwa nazifungua bila kusitasita.

Wala usidhani kwamba kuna ukubwa ambao mji wako lazima uufikie. Ramani ina vipande 25, kila kimoja kikiwa na takriban kilomita 2 kwa upande, na katika mchezo wa kawaida unaweza kumiliki 9 tu kati yake. Magari yanayoweza kuwapo barabarani kwa wakati mmoja nayo yana ukomo, 16,384, hata uwe na kompyuta ya bei gani. Kama kompyuta mpakato yako inaanza kuwa nzito ukifika wakazi 20,000, basi jenga mji wa 20,000 ulio na mitaa unayoijua kwa majina. Mimi napenda zaidi miji ya ukubwa huo. Ninaweza kumfuata mkazi mmoja kutoka nyumbani mpaka kazini kwake, na nikajua kwa nini amechelewa.

Nimeacha usingizi nyuma, lakini silichukulii kuwa jambo dogo. Saa saba usiku hujengi, mwanangu, unahangaika. Barabara nilizochora baada ya saa tano usiku karibu zote nilizibomoa kesho yake, na naamini ukikagua zako utaona vivyo hivyo. Siku za kazi, fungua mji kwa saa moja tu, na uingie ukiwa na swali moja ulilokwisha kuliandika kwenye daftari wakati uko kwenye mwendokasi: malori ya viwandani yanapitia wapi, au kwa nini mtaa fulani hauna bidhaa. Ukilipatia jibu, hifadhi na ufunge, hata kama alama nyingine zinawaka. Zitakusubiri, kwa sababu mji uliofungwa hauzeeki hata siku moja. Marekebisho makubwa ya barabara yaweke Jumamosi asubuhi. Na ikiwa wiki tatu zikipita bado unafika saa saba usiku, niandikie tena, kwa sababu hapo tutakuwa tunazungumzia jambo jingine lisilo la makutano na vipilefti.

Mwisho, mdogo wako. Umeusikia unyamavu wake kama hukumu, na inawezekana umeusikia vibaya. Mtu anayempenda dada yake na asiyetaka kumwingilia naye hunyamaza. Hujaniambia kama umewahi kumuuliza. Atakapokuja Kimara, muombe akufungulie mji wake, lakini usimuombe ule wa watu 90,000. Muombe wa kwanza kabisa, kama bado ameuhifadhi, na kama hana akueleze ulimshinda wapi. Kaeni wote wawili mbele ya kompyuta, msimamishe muda, mfungue ramani ya njia za safari, na wewe ndiye ushike kipanya.

Shangazi